Jiko la kuni la futi 2 kwa 4: linachemsha vizuri, lakini shira ya mepo imalizie pembeni

Jiko la kuvukizia la futi 2 kwa 4, lenye sinia moja bapa la mifereji, ndilo wengi hulinunua wakishachoka kuchemsha utomvu wa mepo (maple, mti wa Amerika Kaskazini wenye utomvu mtamu) kwenye trei za hoteli zilizopangwa juu ya matofali. Karakana za Vermont, Maine, Wisconsin na Quebec hulitengeneza, na umbo halitofautiani sana: sanduku la moto la bati nene, matofali ya moto ndani, bomba la moshi nyuma, na juu yake sinia la stenlesi la upana wa sentimita 61 na urefu wa sentimita 122. Tathmini hii ni ya jiko la aina hiyo na vifaa vinavyoandamana nalo, hasa kuanzia shira inapotoka kwenye koki hadi inapofungwa chupani, maana hapo ndipo kazi ya msimu mzima huharibika.

Kwa mwenye matundu 50 hadi 100 ya kutolea utomvu kwenye miti yake, ni jiko zuri na tunalipendekeza bila kusita. Kasoro yake iko kwenye maelezo ya mauzo kuliko kwenye bati lenyewe: huelezwa kana kwamba utamimina utomvu upande huu na shira kamili itoke upande ule, saa baada ya saa. Majiko makubwa hufanya hivyo. Hili dogo linaweza mara moja moja, na kulilazimisha kila siku ndiko kunakounguza masinia.

Linatoa kiasi gani

Utomvu wa mepo ya sukari unaotiririka mwezi wa Machi huko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, huwa na sukari asilimia 2 hivi. Kuna kanuni ya zamani ya 86 ambayo bado inatosha kwa hesabu za nyumbani: gawa 86 kwa asilimia ya sukari, na jibu ni lita za utomvu zinazohitajika kwa lita 1 ya shira. Kwa asilimia 2 ni lita 43. Kwa asilimia 1.5, kiwango cha kawaida cha mepo nyekundu na cha siku za mwisho wa msimu, ni lita 57.

Sinia hili lina eneo la mita ya mraba 0.74. Kuni zikiwa kavu na moto ukiwa mkali, huvukiza lita 45 hadi 75 kwa saa, yaani lita 1 hadi 1.7 za shira. Anayeahidiwa zaidi ya hapo kwa sinia bapa aulize kama kuna feni ya kupuliza hewa chini ya moto, au kama sinia la nyuma lina mikunjo inayoshuka kwenye njia ya moshi. Vitu hivyo huongeza kasi kweli, lakini huongeza bei pia, na mikunjo ni migumu kusafisha.

Jambo moja huwashangaza wanunuzi wapya: siku ya kwanza koki haitoi kitu. Sinia likiwa na kina cha sentimita 3.5 linabeba lita 26. Mifereji ikishajipanga, wastani wa sukari ndani yake unafika asilimia 15 hivi, kwa hiyo zaidi ya kilo 4 za sukari zinakaa humo muda wote. Hizo ni sukari za lita 200 za utomvu. Kwa hiyo usiandike malalamiko kwa muuzaji jioni ya kwanza; sukari iko ndani ya sinia, na utaikuta humo siku inayofuata. Ila mwenye matundu 15 au 20, anayekusanya lita 80 kwa siku, hili si jiko lake. Atakuwa anapasha moto kile kile bila kufika kwenye koki. Achukue la futi 2 kwa 2, au abaki na sinia la kuchemsha kwa mkupuo.

Mifereji na koki

Utomvu huingia kupitia kisanduku cha boya kwenye kona moja, ukazunguka mfereji hadi mfereji, na kwa kuwa maji yanaruka muda wote, kila mfereji una sukari nyingi kuliko uliotangulia. Hakuna pampu. Maji yakipungua boya linashuka, utomvu mpya unaingia, na uliomo unasogezwa mbele kuelekea koki. Mpangilio huo, kutoka wepesi hadi uzito, ndio mali yote ya sinia hili, na karibu kila kosa la utoaji wa shira ni namna ya kuuvuruga.

Kabla ya moto, weka pimamaji juu ya sinia kwa urefu na kwa upana. Ardhi ya baridi huinuka na kushuka barafu inapoganda na kuyeyuka, na jiko lililokuwa sawa Februari huwa limeinama Machi. Sinia likiinama kuelekea kona ya boya, mfereji wa koki unakuwa na kina kidogo kuliko unavyoona upande wa pili, na ndio wenye sukari nyingi zaidi. Hapo ndipo panapoungua kwanza. Kina salama kwenye sinia bapa ni sentimita 3 hadi 4. Wapo wanaoshusha hadi sentimita 2 ili kupata kasi. Wanaoweza ni wale wasiotoka mbele ya jiko hata dakika moja.

Kipimajoto cha saa, chenye mshale kama saa ya ukutani, kinachokuja na jiko hupita kwenye ukuta wa sinia, karibu na koki. Kina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kijiti chake: kama kimefungwa juu mno na kina cha sinia ni kidogo, nusu ya kijiti inakaa kwenye mvuke na povu, nacho kinasoma chini ya joto la kweli. Agiza sinia ambalo tundu lake liko karibu kabisa na sakafu. La pili ni sifuri yake. Shira huwa imefika inapochemka nyuzi 7.1 za Fahrenheit, sawa na nyuzi 4 hivi za Selsiasi, juu ya nukta ya kuchemka kwa maji. Watu hukariri 219°F, au 104°C, na kusahau kwamba nukta ya maji haikai mahali pamoja. Kila futi 550 za mwinuko, sawa na mita 168 hivi, huishusha kwa nyuzi 1 ya Fahrenheit, na mgandamizo wa hewa ukishuka dhoruba inapokaribia, inaweza kusogea nyuzi 1 au zaidi ndani ya siku hiyo hiyo. Chemsha maji kwenye sufuria ndogo kila siku ya kazi, pima kwa kipimajoto cha dijitali, ongeza 7.1, kisha linganisha kipimajoto hicho na cha saa vikiwa ndani ya mfereji ule ule. Saa nzuri huwa na skrubu ya kurekebisha sifuri nyuma yake. Isiyo nayo usiinunue.

Joto halipandi kwa mwendo mmoja. Kutoka kwenye utomvu hadi Brix 50 (Brix ni asilimia ya sukari kwa uzito) ni nyuzi 2 tu za Selsiasi, na zinachukua karibu usiku wote. Kutoka Brix 60 hadi 66 ni nyuzi 1, na kwenye kona ya koki, moto ukiwa mkali, hiyo ni kazi ya dakika tatu. Ukienda kuchagua kuni nje, umekwisha kupitwa.

Kwa macho, mabadiliko ni haya. Mapovu makubwa ya maji yanayopasuka ovyo hupungua, yanakuja madogo madogo ya rangi ya dhahabu yanayopandana na kukaa pamoja. Chota kwa kijiko bapa cha kuchotea, kiinamishe juu ya mvuke: utomvu hudondoka matone, matone, kama maji. Ukikolea, matone mawili kwenye ukingo hukutana, yananing'inia kama kipazia kidogo, kisha kinakatika chote kwa pamoja. Anayepika shira ya kaimati huitazama ivute uzi kati ya vidole, na mkono wake utamdanganya hapa, maana shira ya mepo ikifika kwenye uzi imeshapita kipimo na itaganda sukari chupani.

Sasa koki. Kwenye sinia la ukubwa huu tunashauri ifunguliwe mapema, shira ikiwa nyuzi 5 hadi 5.5 za Fahrenheit juu ya maji, yaani karibu Brix 60. Ifungue robo, mkondo uwe mwembamba kama penseli, na macho yabaki kwenye mshale wa saa. Mshale ukishuka nyuzi 1, funga. Ukifungua yote, utapata ndoo iliyojaa haraka, lakini umevuta mfereji mzima. Kilichokuwa mfereji wa tatu kimekimbilia wa nne, na utasubiri saa nzima ndipo mpangilio urudi. Baada ya hapo kinachokuja ni kishindo kimoja kikubwa: lita nyingi zinafika kipimo kwa wakati mmoja, mshale unapaa, na koki haiwezi kutoa kwa kasi inayotosha. Ikitokea, mwaga kibuyu cha utomvu moja kwa moja kwenye mfereji wa koki. Utapoteza mpangilio, lakini sinia litapona. Ndoo ya utomvu yenye kibuyu chake isikosekane kando ya jiko.

Koki yenyewe iwe ya gololi, ya robo mzunguko, upana wa inchi 3/4 au zaidi. Baadhi ya majiko ya bei nafuu huja na koki ya kufungua kwa kuzungusha mara nyingi, kama ya bustani. Shira huganda ndani yake usiku na asubuhi haifunguki bila kupashwa moto. Ibadilishe kabla ya msimu.

Moto na povu

Mlango wa kuni ukifunguliwa, hewa baridi inaingia chini ya sinia na mchemko unalegea. Mshale wa kipimajoto unashuka hata kama sukari haijabadilika. Ukisoma wakati huo utadhani bado. Soma dakika mbili tatu baada ya kufunga mlango, mchemko ukiwa umerudi. Kuni zipasuliwe unene wa kifundo cha mkono, zikaushwe mwaka mzima, zipangwe kwa kupishana ili hewa ipite, na ziongezwe kidogo kidogo kila dakika 7 hadi 10. Magogo manene hukaa muda mrefu lakini hayachemshi.

Utomvu unaotoka kwenye tangi la nje ni baridi karibu kuganda, na ukiingia kwa wingi unaua mchemko wa mfereji wa kwanza. Sinia la kupashia linalokaa juu ya bomba la moshi au juu ya kona ya nyuma, lenye koki yake ndogo inayodondosha, ni nyongeza tunayoiona ina thamani kuliko karibu zote.

Povu hupunguzwa kwa tone la mafuta. Tone moja au mawili, na mahali pake ni karibu na boya, mbali na koki. Ukidondosha kwenye mfereji wa koki, povu linaanguka ghafla, kiwango cha mfereji ule kinashuka, utomvu wa jirani unakimbilia kujaza, na mpangilio umevurugika pale pale unapouhitaji. Siagi na krimu hufanya kazi, lakini ni maziwa, na mnunuzi mwenye mzio wa maziwa ana haki ya kujua. Zamani wazalishaji wengine walining'iniza kipande cha mafuta ya nguruwe juu ya sinia ili povu likipanda likiguse lishuke. Anayetengeneza kwa ajili ya jamii zenye Waislamu, kama walivyo majirani wengi wa Kisomali huko Portland, Lewiston na Burlington, atumie mafuta ya mimea na aandike hivyo kwenye lebo. Anayenunua sinia au shira ya mtu mwingine aulize.

Boya ndilo sehemu dhaifu kuliko zote. Kipande cha gome au barafu kikikwama kwenye mlango wake mdogo, utomvu hauingii, na sinia linakauka moto ukiwa mkali. Chuja utomvu kabla haujaingia tangini, na ligonge boya kwa kidole kila unapoongeza kuni. Sinia likikauka kabisa na kuanza kubadilika rangi, usilimwagie maji baridi kwa wingi. Bati linajikunja na maungio yanapasuka. Fungua mlango, tawanya au toa makaa, na rudisha utomvu wa moto kidogo kidogo.

Kumalizia

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaouza vifaa vya kutoa shira kwa otomatiki. Vifaa hivyo hufungua koki joto likifika kiwango ulichoweka, na kwenye jiko la futi 4 kwa 12 ni msaada mkubwa. Kwenye futi 2 kwa 4, joto la kona ya koki hupanda na kushuka kwa kila mlango unaofunguliwa, na kifaa kinafuata kila mtikisiko. Fedha hiyo inatosha sinia la kumalizia juu ya jiko la gesi, haidromita mbili (vioo vinavyoelea kwenye shira na kupima uzito wake) na vichujio vya misimu kadhaa. Nunua hivyo.

Sababu ya kumalizia kwa gesi ni rahisi: gesi ukiizima imezimika. Makaa ya kuni yanaendelea kupika saa nzima baada ya wewe kuamua kuacha. Na kazi iliyobaki ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Lita 10 za Brix 60 zinahitaji kupoteza maji lita 1.2 tu kufika Brix 66. Kwa mtungi wa gesi wa kawaida ni robo saa hadi dakika ishirini, na mvuke wake ni mchache kiasi kwamba unaweza kufanyia jikoni, jambo ambalo huwezi kabisa kwa utomvu mbichi bila kubandua karatasi za ukutani.

Sinia la kumalizia liwe bapa, kuta ndefu angalau sentimita 20 kwa sababu shira nzito hufura ghafla, na lisijazwe zaidi ya theluthi. Chini isipungue sentimita 4 za shira. Kusanya za siku mbili tatu kama unachopata ni kidogo, uzihifadhi kwenye baridi. Shira ya Brix 60 isiyokamilika huchacha ikiachwa kwenye joto la chumba. Pasha kwa moto wa wastani, tumia kipimajoto kukuonya, na ikifika nyuzi 6.5 za Fahrenheit juu ya maji anza kupima kwa haidromita. Neno la mwisho ni la haidromita.

Haidromita ya shira ina mistari miwili myekundu. Wa chini, wenye Brix 66, ni wa shira iliyopoa hadi 60°F. Wa juu, karibu na Brix 59, ni wa shira ya moto wa 211°F, yaani 99°C. Kikombe chake cha chuma kiwe kirefu kuliko haidromita, na kipashwe kwa kukijaza shira na kuimwaga kabla ya kipimo chenyewe. Kikombe kikiwa baridi, shira inapoa haraka, inakuwa nzito, haidromita inaelea juu, nawe unadhani umefika. Shira hiyo itakuwa nyepesi, na baada ya miezi itachacha au kuota ukungu chupani. Ikiingia kikombeni moja kwa moja kutoka kwenye mchemko, tumbukiza haidromita taratibu bila kuiangusha, weka jicho usawa wa uso wa shira na usome papo hapo. Mstari ukiwa umezama, shira ni nyepesi, rudisha motoni. Mstari ukiwa juu ya uso, umepitiliza. Kama unapima polepole, kuna kikombe chenye saa ya joto ubavuni inayoonyesha Brix inayotakiwa kwa joto lililopo. Kwa anayefanya kazi peke yake ni ununuzi wa busara.

Kioo cha haidromita kioshwe kwa maji ya moto baada ya kila kipimo. Utando mwembamba wa sukari uliokauka juu yake unaongeza uzito na kuipotosha. Karatasi ya vipimo iliyo ndani huweza kuteleza pia, na ndiyo maana tunasema ziwe mbili: zikitofautiana, umejua. Kipimo cha kuchungulia kwa tone moja kinachotumia mwanga kinafaa kwa utomvu na kwa shira iliyopoa. Kwa shira ya moto kinadanganya, kwa sababu tone linapoteza maji na joto juu ya kioo wakati bado unalitazama.

Lenga Brix 66.5 hadi 67. Sheria za Vermont na New Hampshire hazikubali chini ya 66.9, sehemu nyingine nyingi zinakubali 66. Kiwango cha juu cha mfumo wa sasa wa madaraja ni 68.9, lakini kuanzia 68 na kuendelea fuwele huanza kukaa chini ya chupa. Umepitiliza? Lita 10 za Brix 69 zinashuka hadi 67 kwa kuongeza maji yaliyochemshwa lita 0.4. Ongeza nusu ya kiasi hicho kwanza, koroga, pima, ndipo uongeze kilichobaki.

Mchanga wa sukari, chujio na chupa

Shira ikikolea, chumvi za madini zilizomo, hasa malati ya kalisiamu, haziwezi kubaki zimeyeyuka. Zinatoka kama unga laini unaoitwa mchanga wa sukari. Hauna madhara kwa mlaji, lakini unatia ukungu kwenye shira na kuacha tope chini ya chupa. Chuja baada ya kufika kipimo, si kabla, kwa sababu mchanga mwingi hutoka kwenye Brix za mwisho. Hiyo ni sababu nyingine ya kutotegemea koki ya jiko: ulichochuja kwenye Brix 60 utalazimika kukichuja tena.

Kwa kiasi hiki cha shira, koni ya kitambaa kizito cha nyuzi za sintetiki inatosha. Ndani yake panga vichujio vyembamba vitatu au vinne, kimoja ndani ya kingine. Cha juu kikiziba, kiinue kwa pembe zake, shira iliyobaki imwagikie kilicho chini, uendelee. Mbinu hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchuja dakika kumi na kuchuja saa mbili. Lowesha vitambaa kwa maji ya moto kwanza, funika chombo, na shira iwe ya moto kutoka kwenye sinia. Ikishuka chini ya 82°C inakuwa nzito na inakaa juu ya kitambaa. Koni ioshwe kwa maji ya moto matupu. Sabuni na dawa za kufulia huingia kwenye nyuzi na kutokea kwenye ladha ya shira inayofuata. Usiikamue kwa kuisokota, matundu yake yanapanuka. Mashine ya kuchuja kwa kubana, inayotumia unga wa diatomia, hutoa shira angavu zaidi, lakini kwa lita 7 za jioni moja ni gharama isiyo na faida.

Jaza chupa shira ikiwa 82 hadi 85°C, funga, ulaze chupa ubavuni dakika chache ili joto liue vijidudu vya kifuniko. Ikipoa kabla hujamaliza, ipashe polepole na isipite 88°C, la sivyo mchanga mpya unatoka na kazi ya kuchuja imerudi mwanzo. Kupashwa mara kwa mara huitia rangi pia, na rangi ndiyo inayoamua daraja: mwanga ukipita asilimia 75 au zaidi ni ya dhahabu, 50 hadi 74.9 ni ya kaharabu, 25 hadi 49.9 ni nyeusi, chini ya hapo ni nyeusi sana. Hakuna iliyo mbovu kati ya hizo. Kwa kupikia tunapendelea nyeusi.

Kusafisha, na kununua la mkononi

Mchanga wa sukari hushika pia sakafu ya sinia, zaidi kwenye mfereji wa koki. Ukifika unene wa karatasi ngumu unazuia joto lisipite kwenye shira, bati linazidi kupata moto, na shira inashika chini ingawa kina kinaonekana salama. Kwa hiyo tunashauri sana sinia lenye koki pande zote mbili na boya linalohamishika. Kila unapoanza siku mpya, badilisha upande: mfereji uliokuwa wa mwisho unapokea utomvu mwepesi, nao unayeyusha sehemu kubwa ya mchanga uliokwama. Wanaouza sinia la upande mmoja kwa bei ya chini kidogo wanakuuzia kazi ya kusugua.

Kilichobaki kiondoe kwa siki nyeupe ya kawaida: jaza hadi juu ya alama ya mchanga, pasha taratibu, acha ilale, kisha suuza mara mbili tatu kwa maji. Usitumie dawa yenye klorini wala sufi ya chuma kwenye stenlesi. Mwisho wa msimu, wengi huacha sinia limejaa utomvu uchache wenyewe kwa wiki chache; asidi inayotokea inang'oa mchanga wote. Harufu yake ni kali, lakini njia hii haina gharama.

Kufunga kazi ya siku kuna utaratibu wake. Acha kuongeza kuni saa nzima kabla utomvu haujaisha, inua boya sinia lijae hadi sentimita 6 au 7, na usiondoke mpaka mchemko utulie kabisa. Masinia mengi huungua usiku, baada ya watu kwenda kulala, kwa makaa yaliyobaki.

Kwa jiko la mkononi, lililokwisha kutumika, geuza sinia utazame maungio. Yaliyochomelewa kwa stenlesi huwa na mshono wa rangi ya chuma kile kile. Yakiwa na risasi ya kuungia ya kijivu na sinia ni la kabla ya katikati ya miaka ya 1990, chukulia kwamba ina madini ya risasi, na vivyo hivyo sinia la zamani la mabati au la bati lililopakwa stani. Sanduku la moto la jiko kama hilo bado ni mali. Nunua hilo, uagize sinia jipya la stenlesi la milimita 0.8 lenye mifereji minne, koki mbili za gololi, tundu la kipimajoto karibu na sakafu, na mikono ya kulibebea iliyochomelewa nje ya njia ya mvuke.